Tuma na ya Kutolea: Shajara ya Karatasi Moja ya Tozo

Haya nimeyatoa kwenye daftari langu la kazi. Mimi ni mchumi, na kazi yangu ni kuwafanyia wabunge wa Tanzania utafiti: wao wanasema mbele ya kamera, sisi tunakaa chumba cha nyuma na makaratasi. Majina nimeyaondoa, ya waheshimiwa na ya wenzangu. Mengine nimeyaacha kama yalivyoandikwa, makosa yangu yakiwemo.

Jumatatu, 16 Januari 2023

Mzee ameniita hata begi sijalishusha. (Tunamwita Mzee kwa cheo tu, hamsini hajaifikia.) Waheshimiwa watatu wa kamati moja wanataka andiko kuhusu tozo ya miamala ya simu kabla Bunge la Bajeti halijaanza Aprili. Nikauliza kurasa ngapi. "Moja." Nikadhani anatania. "Ukurasa wa pili hausomwi na mtu, mdogo wangu. Ukiwa na la maana, liweke kwenye wa kwanza."

Basi mradi umepata jina: Karatasi Moja. Mwisho wa kuikabidhi ni wiki ya mwisho ya Machi.

Nimeanza kwa kupanga historia, maana watu wameshazitia tozo zote kwenye kapu moja. Hotuba ya bajeti ya 10 Juni 2021 ilipendekeza tozo ya kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa kila muamala wa kutuma au kutoa pesa, kulingana na kiasi. Sheria ya Fedha ya 2021 ikaingiza kifungu cha 46A kwenye Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa, na makato yakaanza 15 Julai. Kelele zake kila mtu anazikumbuka. Mapema Septemba mwaka huohuo viwango vikashushwa kwa asilimia 30, kilele kikawa 7,000. Bajeti ya 2022/23 ikakishusha tena hadi 4,000, lakini kilichotolewa kwa mkono huu kikachukuliwa kwa mkono ule: tozo ikapanuliwa hadi kwenye miamala ya benki. Kelele upya. Septemba 2022 Waziri wa Fedha, Dkt. Mwigulu Nchemba, akasimama bungeni kutangaza kwamba baadhi ya makato yanaondolewa kuanzia 1 Oktoba.

Miezi kumi na tano, mipangilio minne. Mtu akiniuliza tozo ilileta nini, inabidi kwanza nimuulize tozo ipi.

Alhamisi, 19 Januari

Leo sikugusa Ekseli kabisa. Nimeshinda na Katiba, kwa sababu ya swali alilonitupia mwenzangu wa takwimu tukinywa chai: "Hiyo karatasi ikikamilika, Mheshimiwa ataifanyia nini?"

Swali la kuudhi, na la haki. Ibara ya 138 inasema hakuna kodi itakayotozwa ila kwa sheria iliyotungwa na Bunge. Ukiishia hapo utadhani mbunge ndiye mwenye hazina. Sasa nenda ibara ya 99: Bunge haliwezi kushughulikia muswada wa kutoza kodi au wa kutoa fedha kwenye Mfuko Mkuu wa Hazina mpaka pendekezo liwe limetoka kwa Rais na kuwasilishwa na Waziri. Kupunguza kodi ndiko kulikoachwa nje ya kizuizi hicho. Halafu ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti. Kwa hiyo mbunge wa kwetu hana kalamu ya kuongeza, kalamu ya kupunguza anayo, na ya kukataa jumla anaweza kuitumia akiwa tayari kurudi jimboni kuomba kura upya. Na akipunguza, swali linamngoja mlangoni: pengo utaliziba na nini?

Ofisi ya bajeti ya Congress ya Marekani, iliyoundwa kwa sheria ya 1974, hutoa makadirio ya gharama kwa karibu kila muswada unaopita kwenye kamati. Sisi Kamati ya Bajeti yenyewe tumeipata 2013, Anne Makinda akiwa Spika, na Sheria ya Bajeti ikaja 2015. Sitaki kulinganisha mti na mche. Ninachotaka ni kujua mche huu unazaa wapi, na naona unazaa sehemu tatu: kwenye kamati kabla mambo hayajaiva, kwenye swali la msingi na maswali yake mawili ya nyongeza, na pale Mheshimiwa anaposhika shilingi ya mshahara wa Waziri ili apewe maelezo. Zote tatu zinalishwa na swali zuri. Jibu analo Waziri, na ana wizara nzima ya kumsaidia kulipamba.

Nimeandika ukutani kwa kalamu nyekundu: TUNATENGENEZA SWALI. Mzee amepita, amesoma, hakusema kitu.

Jumatano, 25 Januari

Takwimu. Zipo nyingi kuliko watu wanavyodhani, tatizo ni kwamba kila moja inahesabu kitu chake. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inahesabu akaunti za pesa kwa simu: zaidi ya milioni 40. Sensa ya mwaka jana imehesabu watu 61,741,120, na karibu nusu yao ni watoto. Piga hesabu mwenyewe uone kama akaunti ni sawa na mtu. Mimi binafsi nina laini tatu, moja ninaikumbuka pale tu vocha ya ile nyingine inapoisha. Mheshimiwa mmoja alishasema jukwaani "Watanzania milioni arobaini wanakatwa tozo," na hakuna aliyempinga. Nimeandika pembeni: neno "akaunti" lisiguswe na mhariri yeyote.

Mapato ya tozo yenyewe: Serikali ilitangaza kwamba wiki nne za mwanzo, 2021, ziliingiza kama shilingi bilioni 48. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilielekezwa kwenye vituo vya afya, kwa shilingi milioni 250 za kuanzia kila kituo. Kumbuka hili la vituo, litarudi kunisumbua.

Kinachokosekana ni kile kisichoandikwa popote: muamala ambao haukufanyika. Mtu aliyetaka kutuma akaghairi hana risiti.

Jumamosi, 4 Februari

Hii si siku ya kazi, lakini nimekwenda Soko la Majengo, hapa Dodoma, tangu saa tatu asubuhi na kijitabu, nimevaa kama mtu wa kawaida. Nimeongea na mawakala kumi na mmoja. Wawili walinifukuza kwa adabu, wakidhani natoka kwenye mamlaka ya mapato. Mama mmoja mwenye kibanda karibu na wauza vitunguu ndiye aliyenifundisha zaidi ya vitabu vyangu vya mwaka wa tatu.

Nilimsalimia shikamoo, nikanunua soda, nikamuuliza nani anaumia na tozo, anayetuma au anayetoa. Akanitazama kama nimeuliza jua linachwea wapi. "Mwanangu, wewe hujawahi kumwomba kaka yako hela? Unamwambiaje?"

Ninamwambia nitumie elfu ishirini na ya kutolea.

"Ee. Sasa nani anaumia?"

Nimekaa na hilo mchana kutwa. Kanuni zinamkata anayetuma wakati wa kutuma na anayetoa wakati wa kutoa: pesa ileile, mara mbili, watu wawili. Kwenye vitabu vya uchumi ningechora mikunjo ya uhitaji na ugavi kujua mzigo unaangukia wapi. Hapa lugha imeshaujibu mtihani. "Tuma na ya kutolea" maana yake aliye mjini anabeba ada zote mbili na tozo zote mbili, na akishindwa kubeba hatumi kabisa, au anatuma kidogo zaidi ili makato yapate nafasi. Mama wa Kongwa anayepokea haoni tozo. Anaona tu kwamba mwezi huu imekuja elfu kumi na tano.

Mengine niliyoandika siku hiyo, ovyoovyo, kijitabu kikiwa gotini:

Watu wanakusanya. Aliyekuwa anatuma mara tatu kwa wiki anatuma mara moja. Bahasha inapewa kondakta wa basi, jina la mpokeaji limeandikwa kwa peni juu yake. Na kuna ujanja wa lipa namba: mteja anataka pesa taslimu, badala ya "kutoa" analipia kwenye namba ya duka kana kwamba amenunua sukari, mwenye duka anampa noti na kujikatia kidogo cha soda. Kijana aliyenieleza hili alikuwa anacheka. Sikumwuliza jina.

Na kamisheni. Wakala anaishi kwa kamisheni ya kila muamala. Miamala ikipungua, kibanda kinafungwa saa kumi badala ya saa mbili usiku, na binti wa kusaidia anarudi kwao. Hakuna safu ya huyo binti kwenye faili langu.

Nimerudi nyumbani na vumbi la Dodoma mpaka kwenye nyusi.

Alhamisi, 9 Februari

Hakuna kilichosogea. Bunge limekaa wiki mbili hizi na kila Mheshimiwa ana lake la leo: mbolea ya ruzuku, bei ya mahindi, daraja. Maombi kumi na mawili kwa siku mbili, yote ya "sasa hivi". Umeme ulikatika saa saba. Mchana nimekula ugali na mlenda kwa mama lishe wetu, nimelala saa nane usiku.

Jumanne, 21 Februari

Majirani. Hii ndiyo sehemu niliyoipenda.

Uganda walianza 1 Julai 2018 kwa asilimia moja ya kiasi chenyewe: ukiweka, ukituma, ukitoa, ukilipa. Mwaka haujaisha wakarudi nyuma hadi asilimia 0.5, kwenye kutoa peke yake. Ghana walianza 1 Mei 2022 kwa asilimia 1.5, baada ya wabunge wao kukunjana mashati ukumbini Desemba 2021 kwa ajili ya muswada huohuo. Makadirio ya awali ya mwaka yalikuwa karibu cedi bilioni 6.9. Mapitio ya nusu mwaka yakayashusha hadi milioni 611. Ndiyo, milioni. Kuchelewa kuanza kulichangia, lakini kuchelewa miezi michache hakuli tisa ya kumi. Januari hii wameshusha kiwango hadi asilimia moja.

Kenya wao hawagusi kiasi kinachotumwa. Wanatoza ushuru wa bidhaa juu ya ada ya kampuni, asilimia 12 hadi Februari hii ya 2023. Ukituma pesa ya karo, karo haikatwi, inakatwa huduma ya kuipeleka.

Hapo ndipo nilipoinuka kwenye kiti. Kwa sababu sisi pia tunatoza ada! Tulikuwa tunatoza kabla ya tozo kuzaliwa: ushuru wa bidhaa asilimia 10 na VAT, kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18. Na muamala uliokufa hauchukui tozo yake peke yake, unakwenda kaburini na hizo mbili.

Nimeandika mfano, namba za kutunga ili mtu aone utaratibu. Ada ya 1,000 kabla ya kodi: ushuru wa bidhaa ni 100, VAT inahesabiwa juu ya 1,100, yaani 198. Serikali ilikuwa inapata 298 kwa kila muamala, kimyakimya, bila kelele. Sasa weka tozo ya 300 juu yake. Kwenye miamala 100 makadirio ya mezani yanasema utapata 30,000. Watu 20 wakiacha, unakusanya tozo 24,000. Mtu wa kawaida ataishia hapo na kusema tumekosa 6,000. Lakini wale 20 walikuwa wanaleta 298 kila mmoja, kwa hiyo 5,960 nyingine imetoweka kwenye mfuko mwingine wa Serikali ileile. Kilichoongezeka kweli ni 18,040.

Kutoka 30,000 hadi 18,040, na hakuna aliyeiba hata senti.

Nilimpigia Mzee saa nne usiku. Akasema, "Umeniamsha kwa ajili ya VAT?" Kisha akanyamaza kidogo. "Endelea."

Jumanne, 7 Machi

Nimekosea, na nilikuwa nimeshasambaza rasimu.

Mwenzangu wa takwimu aliichukua rasimu ya tatu kwenda nayo nyumbani, akarudi nayo asubuhi, akaiweka mezani kwangu na kidole juu ya mstari mmoja. Nilikuwa nimeweka miamala ya kutuma kwenye safu moja na ya kutoa kwenye safu nyingine, kila moja na unyumbufu wake, yaani bei ikipanda kiasi hiki watu wanapunguza kiasi gani. Nikapunguza kutuma kwa asilimia fulani, kutoa nikakuacha karibu palepale, kwa hoja kwamba mwenye shida lazima atoe.

"Sasa, dada, huyu mama anatoa pesa ambayo hakutumiwa?"

Nilitamani sakafu ipasuke. Mimi ndiye niliyekaa Majengo nusu siku nikielezwa kwamba tuma na toa ni kitu kimoja chenye ncha mbili, nikarudi ofisini nikazikata kwa sababu Ekseli inapenda safu. Mtu asipotuma, upande wa pili hakuna cha kutoa. Muamala ukifa hufa na mwenzake. Si wote, maana wapo wanaoweka pesa wenyewe na kutoa wenyewe, na wapo wanaopokea kisha wakalipia umeme bila kugusa noti, lakini wa nyumbani kwa nyumbani ndivyo walivyo. Ile hasara ya 5,960 nilikuwa nimeihesabu upande mmoja tu wa simu.

Nimewaandikia waliopata rasimu: ifuteni, ina kosa, kosa ni langu, hili hapa. Mheshimiwa mmoja amejibu kwa alama ya dole gumba. Mwingine amepiga simu. Nilijiandaa kufokewa. "Bora umekosea Machi," akasema. "Mimi nikikosea ni kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge."

Faili limejengwa upya usiku huu. Safu ni moja sasa, inaitwa "safari ya pesa".

Jumatano, 22 Machi

Karatasi ni moja kweli. Imepita rasimu saba. Herufi si ndogo, nimekatazwa. Mzee anasema Mheshimiwa anayevaa miwani ukumbini hatavua heshima yake kutafuta miwani nyingine.

Leo tumekaa na mmoja wa wale watatu, mama wa viti maalum, mwalimu kabla ya siasa. Anasoma na kalamu mkononi kama anasahihisha madaftari. Baada ya dakika tatu akasema, "Mwanangu, hapa umeandika 'inaweza' mara nne."

Nikaeleza kwamba hatuna uhakika wa kiwango cha watu kuacha, kwa hiyo…

"Nimeelewa. Lakini kengele ya kwanza ikilia muda wangu umebaki kidogo. Nipe namba moja."

Hapo Mzee, ambaye alikuwa amekaa pembeni akijifanya anasoma gazeti, akalikunja. "Mheshimiwa, namba moja tutakupa, na Waziri atakuja na nyingine, na yake itakuwa na nembo ya Taifa juu. Utabaki umesimama."

Wakavutana, kwa heshima, kama nusu saa. Tulichokubaliana ni mistari mitatu iliyoandikwa wazi kwamba ni mfano: wakiacha 10 kati ya 100, kile cha 30,000 kinakuwa 24,020, wakiacha 20, ni 18,040, wakiacha 30, ni 12,060. Chini yake sentensi moja kwamba hapo kumehesabiwa ncha moja tu ya safari. Na chini kabisa, ndani ya kisanduku, swali:

Je, makadirio ya tozo yaliyoletwa mbele ya Bunge yameondoa VAT na ushuru wa bidhaa unaopotea kwenye ada za miamala ambayo wananchi wameiacha, na kama yameondoa, ni kiasi gani?

Alilisoma kwa sauti, akitumia saa ya simu. Sekunde kumi na tisa. Akalirudia, akaondoa "mbele ya Bunge", akaongeza "Mheshimiwa Spika" mwanzoni. Akasema likikataliwa kama la msingi atalichomeka kwenye nyongeza.

Nilipokuwa nakusanya makaratasi akaniuliza kama mimi ninaiunga mkono tozo au ninaipinga. Nikamjibu nina kaka Dar es Salaam ananitumia na ya kutolea. Akacheka, akaacha.

Jumanne, 18 Aprili

Bunge la Bajeti limeanza tangu tarehe 4. Mfungo unaelekea ukingoni, ukumbi unachoka mapema, foleni ya tende na uji jioni ni ndefu.

Karatasi Moja imesafiri kuliko nilivyotarajia. Wale watatu wamewapa wenzao, na sasa naisikia ikirudi kwa sauti tofauti. Wiki iliyopita katika mazungumzo ya kantini Mheshimiwa mmoja aliitumia kuonyesha kwamba tozo ni mzigo. Jana mwingine, ambaye kata mbili za jimbo lake zimepata vituo vya afya vya fedha za tozo, amekuja chumbani kwetu nayo imekunjwa mfukoni. Hakuwa na furaha.

"Dada, hii karatasi ni ya nani? Mimi wanawake wangu walikuwa wanabebwa kwenye baiskeli kwenda kujifungua. Leo kituo kipo, kina wodi. Ninyi mnaniambia 18,040?"

Nilimwonyesha kwamba karatasi haisemi tozo ifutwe. Inasema ihesabiwe yote, hasara na faida. Na kama kilichoongezeka ni kidogo kuliko kinachotangazwa, basi hata vituo vyake vinajengwa kwa ahadi iliyokadiriwa vibaya, na kituo cha tatu kitakwama kwenye lenta. Hilo la lenta lilimgusa. Ana jengo moja limesimama hapo. Alikaa, akaomba kikokotoo kilivyo, si karatasi peke yake. Tumeingiza ada na tozo za kutunga alizozitaka yeye, akacheza nazo kama mtoto na redio. Akauliza: na kama tozo ingebaki kwenye kutoa tu, kutuma ikaachwa?

Tukaweka. Safari ya pesa ikapungukiwa kituo kimoja cha ukaguzi. Mapato ya mezani yakashuka, na vifo vya miamala vikashuka pia. Kwenye mfano wetu tofauti iliyobaki ilikuwa ndogo kuliko yeye alivyoogopa.

"Sasa hiyo tofauti naiziba na nini?"

Ndiyo, ibara ya 99 imeingia chumbani na viatu vyake. Sikuwa na jibu, na nilimwambia hivyo. Aliondoka na nakala mbili.

Baadaye Mzee akaniambia nimefanya sawa kumpa faili zima, lakini nisizoee. "Mmoja akipewa, wote wapewe." Ni kweli, na leo jioni nimelituma kwa wote walioomba karatasi, pamoja na wasioipenda.

Alhamisi, 15 Juni

Hotuba ya bajeti ya 2023/24. Shilingi trilioni 44.39. Tumeisikiliza kwenye runinga ya chumba cha nyuma, watu sita, viti vinne.

Ilipofika sehemu ya tozo mwenzangu wa takwimu aliongeza sauti. Tozo ya kutuma pesa kwa simu inafutwa. Ya kutoa inabaki.

Chumba kikapiga kelele. Mimi nilikaa kimya, maana hoja ya kukata pesa moja mara mbili ilishasemwa na kila mtu tangu Julai 2021: vijiweni, kwenye kampuni za simu, na ndani ya ukumbi uleule. Karatasi yetu ilikuwa tone kwenye mvua hiyo na sitadai zaidi. Ila nilimkumbuka mama wa Majengo, nikawaza kwamba bado ataambiwa "na ya kutolea", labda kwa sauti ya chini kidogo.

Halafu ukaja upande wa pili wa hotuba. Saruji, shilingi 20 kwa kilo, ambayo ni 1,000 kwa mfuko wa kilo 50. Petroli na dizeli, shilingi 100 kwa lita. Mzee akasema "pengo hilo linazibwa" na kwenda kuchukua koti lake.

Saa tatu usiku simu imetetemeka. Ni yule Mheshimiwa wa vituo vya afya.

"Dada, na hii mia ya mafuta? Muswada wa Fedha unakuja siku si nyingi. Karatasi moja."

Nimemjibu sawa Mheshimiwa. Nimefungua faili jipya, kisha nimelifunga. Kesho alfajiri nitaanzia stendi ya daladala ya Sabasaba, kabla makondakta hawajaanza kukimbizana na abiria. Kijitabu kipo, soda nitanunua hukohuko.